Taa ya Pikapu ya Mzee Barisa

Garsen,
Jumapili, baada ya alasiri

Mama Zuwena, mke wangu,

Barua hii ikukute salama wewe na wote waliomo humo nyumbani. Mguu wa mama unaendeleaje? Na Zuwena, ameacha kulia akipelekwa madrasa? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila joto la huku halina adabu na mbu wa mtoni hawajui mgeni.

Nakuandikia juu ya lile neno letu. Tuliagana kwamba nikae Garsen mpaka Ramadhani ikaribie. Gereji ikisimama, wewe na mtoto mje. Isiposimama, nifunge virago nirudi Vanga nikasikilize maneno ya ndugu zangu. Basi jambo lote hilo lilikuja kuning'inia kwenye taa moja ndogo.

Mteja wangu mkubwa ni Mzee Barisa, Mworma, mwenye pikapu inayobeba maziwa ya wafugaji kutoka huko nyuma ya Idsowe hadi hapa mjini. Wenye magari wengi hutazama yeye anapeleka wapi lake ndipo nao wafuate. Mwezi uliopita gari lilikuwa likikohoa. Nikabadilisha plagi, likatulia, na ile taa ya manjano ya injini ikazimika. Siku ya tatu akarudi, taa inawaka.

"Fundi, hii jicho bado naangalia mimi," akaniambia.

Nikalaumu petroli ya madumu. Nikamwaga tangi lote, nikalisafisha, taa ikazimika. Siku tatu tena, ikamuwakia akiwa kijiji cha Wema, na gari likakosa nguvu njiani hata maziwa yakachacha. Nikafuata waya mmoja mmoja nikidhani ni panya. Mashine ya kusomea hitilafu kila mara ilinitajia kitu kilekile, kipimo cha hewa inayoingia kwenye injini. Nakitoa, nakipulizia dawa yake, nakirudisha, taa inazimika, nami najiona bingwa. Mara ya nne Mzee hakunisalimia hata.

"Natengeneza mara ya mwisho. Ijumaa nawaka tena, mimi napeleka Malindi. Maziwa hapana ngoja fundi."

Nikajua akienda yeye, wameenda wote.

Sasa nikwambie kosa langu, na tafadhali usilisome kwa sauti mbele ya mama. Ule udi unaonipikia na kunitumia kwa basi, chumbani siuwashi. Nikiuwasha chumbani silali. Kwa hiyo nikaupeleka gereji. Kila nikimaliza pikapu ile naweka chetezo pembeni mwa injini nalifukiza gari, kama marehemu baba alivyokuwa akifukiza kila gari kuondoa kijicho kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Injini inanguruma, kifuniko cha chujio la hewa nimekiacha wazi ili nisikilize vizuri, nami nimefumba macho naiona Ijumaa ya kwetu, nguo zako zimetandazwa juu ya tenga zikifukizwa udi na wewe unanigombeza nisipite karibu na mikono ya grisi.

Alhamisi nilikuwa katika hali hiyohiyo alipoingia Bi Habiba, dada yake Mzee Barisa, ambaye sehemu ya maziwa yale ni yake. Alisimama akautazama moshi unavyovutwa na injini.

"Wewe nafanya nini?"

"Nafukiza, bibi."

"Mimi natia moshi kibuyu yangu kila siku, maziwa isiharibike. Lakini mimi natia moshi ya mti kavu, halafu nasugua. Hii yako iko na sukari." Akapitisha kidole kwenye mdomo wa chetezo, akanionyesha weusi unaonata. "Hii ndiyo nanywesha gari. Nani nasugua?"

Nilizima injini palepale nikakitoa kile kipimo. Kawaya kake, kembamba kama unywele, kalikuwa kamepakwa utando wa kahawia. Nikakanusa. Kalinukia nguo zako, Mwanasha, nikalazimika kugeukia ukutani ili Bi Habiba asinione.

Nilikasafisha, nikafunga kila kitu bila chetezo, nikaenda mwenyewe kwa Mzee Barisa kumwambia kwamba aliyekuwa akiiwasha taa ni mimi, kwa udi wa mke wangu. Nilidhani atanifukuza. Alicheka mpaka akakaa chini, akawaambia waliokuwepo, "Fundi nakumbuka bibi yake!" Sasa soko zima linanipa pole. Ijumaa ile imepita, na nyingine imepita, na taa haijawaka. Binamu zake wameleta magari mawili, na jana limekuja trekta la mpunga kutoka Wema. Gereji imesimama.

Ningeweza kuishia hapo nikakwambia uje kama tulivyoagana. Lakini liko jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku Mzee aliponitajia Malindi, nilirudi chumbani nikaanza kufunga begi, na nilifurahi. Nilikuwa nakunja mashati huku nikiimba. Nimefika hapo, mke wangu. Watu wa hapa ni wema, wananisalimia na wananiletea maziwa, lakini jioni kila mtu huenda kwake, nami nala nimesimama, kwa sababu nikitandika jamvi na kukaa peke yangu chakula hakipiti.

Kwa hiyo lile neno letu nalivunja. Usije kwa sababu tu gereji imesimama imara. Chumba ni kimoja, maji yana chumvi, na hutakuwa na dada wa kusuka naye nywele. Fikiria haya yote, halafu uamue wewe.

Nisalimie mama na mguu wake, kaka yako mshona nguo, na Bi Tatu jirani anayetuuzia mbaazi. Zuwena mpake mafuta kichwani kwa niaba yangu. Jibu lako mpe dereva wa basi. Neno moja linatosha. Ukiandika "nakuja," nitanunua sufuria ya pili. Ukiandika "rudi," nitazifunga funguo za gereji kwenye kitambaa nimwachie Mzee Barisa siku hiyohiyo, hata kama magari yamejaa mpaka barabarani.

Mumeo anayekutamani,
Athumani