Nimeiwasha Simu Yako

Baba,

Nimeiwasha simu yako. Naanza na hilo kwa sababu sitaki ulisikie kwanza kutoka kwa Shangazi, maana unamjua dada yako, akisimulia jambo hulipika upya kabisa.

Tulikuzika tukiwa wachache, tumevaa barakoa, chifu akituharakisha. Shangazi hakufika. Barabara za kutoka Nairobi zilikuwa zimefungwa, akakulilia kwenye simu ya Mama mpaka ikazimika. Kesho yake akapiga tena: "Vitu vya ndugu yangu visiguswe mpaka nije tuvigawe." Ndiyo desturi yetu, najua. Anayetumia kitu cha marehemu kabla ya siku hiyo analetea nyumba mkosi. Mama akafungia koti lako, viatu vya kazi na simu ndani ya sanduku la bati.

Shule zilikuwa zimefungwa, na mwalimu wa Fizikia akaanza kutuma masomo kwenye grupu la wazazi. Grupu lenyewe liko ndani ya simu yako. Ya Mama ni ya vitufe, haionyeshi hata picha. Njeri wa ploti ya mbele, tunayesoma naye, ana tableti yake mwenyewe na mwalimu wa pembeni anayemfundisha kwa video. Mimi nilikuwa nasimama nje ya dirisha lao, yeye anaibandika tableti kwenye kioo, nami nanakili. Siku moja mamake akavuta pazia. Sikumlaumu, kila mtu sasa anaogopa pumzi ya mwenzake. Lakini nilibaki na nusu ya mchoro, na niko Form Four, Baba.

Akinyi, tuliyekaa naye dawati moja, anauza viazi kando ya barabara kuu. Nilimuuliza kama atarudi shule ikifunguliwa. Alicheka tu, akaendelea kupanga viazi. Nilirudi nyumbani mbio, kwa sababu nilijiona pale kando yake.

Nikamwambia Mama yote, nikilia. Akalivuta sanduku, akaipangusa simu kwa kitambaa kama ulivyozoea wewe, akaniwekea bando.

"Washa," akasema. "Lawama ikija, ni yangu."

Picha yako ikatokea, ile ya kazini Olkaria, kwenye mitambo ya umeme, umevaa helmeti, mvuke nyuma yako, umekunja uso utadhani kampuni ni yako, kumbe wewe ni fundi wa kuchomelea mabomba tu. Nilicheka, kisha nikaikumbatia simu. Unakumbuka ulivyokuwa ukijibu kila kitu Amina kwenye lile grupu? Mwalimu akitangaza mkutano, Amina. Akisema vyoo vimeharibika, Amina. Niliona aibu hadi nikakusihi utoke. Sasa nikakuta mwalimu ameandika: "Baba Nekesa amepotea. Tumezikosa Amina zake."

Sijawaambia. Grupu ni la wazazi. Naogopa nikisema umekufa watakuondoa, nami niondoke pamoja nawe.

Na kuna jingine. Tangu juzi mdogo wangu Wafula anakohoa. Kikohozi chako kilianza hivyo hivyo, kidogo kidogo, ukisema ni baridi. Mama anasema ni vumbi la hapa Naivasha, nisome. Nasoma. Lakini kila anapokohoa naigeuza simu uso chini, na maneno yote niliyosoma yananitoka. Kama ni mkosi, Baba, usimguse yeye. Mimi ndiye niliyebonyeza. Na wewe ndiye uliyekuwa ukiniita injinia mbele ya watu, mpaka nikaamini.

Nakuahidi, Shangazi akifika nitamkabidhi simu kwa mikono miwili na kumwambia ni mimi niliyeiwasha, kabla Mama hajafungua mdomo. Nitapiga magoti nimwombe aniachie mpaka nifanye mtihani. Nikimaliza karatasi ya mwisho nitawaambia wote kwamba ulishatangulia, wakutoe kwa heshima. Mpaka hapo kaa nami darasani, tafadhali. Ninaogopa kukaa peke yangu.

Pumzika, Baba. Mwalimu ameuliza sasa hivi ni akina nani wameipata kazi ya leo. Wafula amekohoa tena, lakini nimejibu kwa jina lako.

Amina.

Nekesa wako