Gauni Nililolikata kwa Jicho

Jumatatu, 11 Agosti

Gauni la sita limekwisha. Bado la Mama, langu na la Rahma. Vidole vina matundu ya sindano lakini siachi. Furaha imenipanda kichwani. Mdogo wangu Zuwena anaolewa! Jumapili ya tarehe ishirini na nne. Miaka yote watu walikuwa wakimuuliza lini, lini. Sasa waje wale biriani wanyamaze.

Sare ni zambarau yenye maua ya dhahabu. Nimeichagua mwenyewe Darajani, jora zima tumelimaliza. Wanawake tisa wa nyumba moja, kitambaa kimoja. Na mbele ya bibi harusi atatangulia binti yangu Rahma, miaka kumi, na sinia la asumini. Nikiliwaza hilo mguu unakwenda mbio kwenye cherehani peke yake.

Jumatano, 13 Agosti

Rahma kaja na barua ya skuli. Watu wa afya walipita wakawapima watoto uzito na urefu. Eti uzito wake umezidi umri, mzazi ampeleke kituo cha afya.

Nimecheka. Rahma wangu! Mtoto wa miezi saba, kazaliwa kilo moja na nusu, nikamfunga kifuani kwa kanga wiki sita asipate baridi. Mizani yao mbovu. Au wamechanganya majina.

Haji, mume wangu, kaisoma akasema hao hawana kazi. Yeye anatembeza wageni msituni Jozani kutwa, na tumbo lake linafika kwa kima kabla ya wageni. Kwake hakuna mnene duniani.

Barua nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa cherehani unaotikisika. Angalau ipate kazi. Rahma nimempa chai ya maziwa na mkate wa kumimina vipande vitatu. Nikamuongeza cha nne.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekata mawili ya mwisho. Wateja nawapima: kifua, kiuno, nyonga, naandika daftarini. Mwanangu sijawahi kumpima hata siku moja. Mwili wake naujua. Nimekata kwa jicho, dakika kumi tu.

Langu nimelikata kwa vipimo vya harusi ya wifi yangu. Miaka minane hivi iliyopita. Mwili ni ule ule.

Siku tisa! Usingizi haunijii kwa raha.

Jumapili, 17 Agosti

Siku mbaya.

Asubuhi wote walikuja kujaribu. Nyumba ikajaa zambarau, vigelegele, udi, Mama anacheza bila ngoma. Nikamwita Rahma katikati. Zipu ikapanda hadi kiunoni ikakataa. Nikamwambia avute pumzi. Nikavuta kwa nguvu. Mshono wa ubavuni ukaachia, krrr, mbele ya watu wote. Mmoja akacheka, wakacheka wote.

Na mimi, mama yake, nikamkaripia. Eti hakusimama sawa.

Hakulia. Alilivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya cherehani, akaingia ndani. Afadhali angelia.

Walipoondoka nikajaribu langu. Halikupita nyonga. Nimekaa kitandani, gauni limenikwama, hasira tele. Nimekasirikia kitambaa, kwa kukosa wa kumkasirikia.

Jumatatu, 18 Agosti

Mbio Darajani. Mwenye duka kanipokea kwa huruma: "Bi Mwanaidi, hakikubaki hata cha kushonea mto." Maduka mengine manne. Hakuna zambarau ile.

Rahma anasema hatabeba sinia, apewe mtoto mwingine. Zuwena kasikia, akapiga simu: "Bila ya Rahma mimi sitoki, n'shakwambia." Zimebaki siku sita. Naogopa kweli.

Jumanne, 19 Agosti

Nimempima. Mara ya kwanza tangu azaliwe.

Kiuno kimezidi nilivyokata kwa inchi nne. Nikapima tena. Nne. Na tepu ni hii hii ninayowapimia mtaa mzima wa Jang'ombe, hakuna aliyewahi kulalamika.

Nikiwa nimepiga magoti mbele yake akaniambia kwamba ngazi za skuli zinamchosha, kwamba wenzake wakicheza rede yeye anawashikia viatu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. "Nlidhani unajua, mama. Si unaniona?"

Nilikuwa simuoni. Miaka kumi namtazama na ninachokiona ni kile kichanga cha kilo moja na nusu. Kila kipande cha mkate nilikuwa nakilisha kile kichanga. Nimeona haya mpaka masikio yamepata moto.

Kisha Rahma akachukua tepu akanipima mimi. Nimezidi kwa inchi sita. Tukaangaliana, tukaanza kucheka. Tumecheka mpaka Haji akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Nikamwambia zamu yake inakuja.

Jumatano, 20 Agosti

Kituo cha afya. Nesi kijana, mpole. Kampima Rahma, akanionyesha na mimi mizani. Nilitaka kusema sikuja kwa ajili yangu. Nikapanda. Nilijijua mwembamba wa kadiri! Kumbe.

Hakumgombeza mtu. Kasema mtoto asinyimwe chakula, anakua. Sukari ipungue, soda ipungue, atembee, acheze. Na nyumba nzima ifuate, si yeye peke yake. Rahma akasikiliza kila neno. Tukarudi kwa miguu.

Nimepata wazo njiani! Limenijia pale pale barabarani, nikasimama nikapiga makofi.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimelifumua gauni langu lote. Vipande viwili virefu nimevitia ubavuni mwa gauni la Rahma, na mishono nikaifunika kwa utepe wa dhahabu. Limekuwa zuri kuliko yote! Zuri kweli, sijisifu. Utadhani lilikusudiwa hivyo tangu dukani.

Kalivaa. Zipu ikapanda yenyewe. Kazunguka mara mbili, akainua mikono juu, akapumua. "Haya, nitabeba." Nikapiga kigelegele peke yangu hadi jirani akachungulia.

Mama amenuna. Dada wa bibi harusi bila ya sare! Watu watasema nimegombana na Zuwena. Waseme. Nitavaa lile la kijani la Idi, nilitanue kidogo. Kwa tepu safari hii.

Jumapili, 24 Agosti

Ah, leo! Sijui nianzie wapi.

Ukumbi umejaa pomoni, mafeni hayafui dafu. Taarabu ikaanza, mlango ukafunguliwa, na huyo Rahma. Sinia juu ya mikono miwili, kichwa kimenyooka, hatua kwa hatua, hana haraka hata kidogo. Zuwena nyuma yake anang'aa. Nimelia wanja wote ukashuka.

Wameniuliza, naam. Watu saba kwa hesabu yangu. "Vipi wewe na kijani chako?" Nikawajibu sare yangu ile pale, imebeba asumini. Wengine wakaelewa, wengine wakadhani nimeshiba biriani.

Mdogo wangu kaolewa. Alhamdulillahi.

Jumanne, 26 Agosti

Nyumba kimya. Zuwena kwake, wageni wamerudi makwao.

Alasiri mimi na Rahma tumetembea mpaka Forodhani, taratibu. Amehema kwenye kona mbili, mimi kwenye tatu. Tulipokaa juu ya ukuta wa pwani akaniuliza bila kunitazama: "Mama, mimi mnene?"

Wiki mbili nyuma ningemjibu kabla hajamaliza. Nimemtazama kwanza. Mashavu, mabega, tumbo, miguu yenye vumbi inayoning'inia. Nikamwambia ndiyo mwanangu, umenenepa, na mimi pia. Na mzuri, nikamwambia, na hilo naliona vilevile. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza saa akaambiwa.

Baadaye akataka urojo. Tukanunua bakuli moja na vijiko viwili. Ikabaki bajia moja, kila mmoja akawa anamsukumia mwenzake. Mwishowe akaila yeye, nami nikalamba kijiko changu.