Gari ya Mwindaji Uliyonituma Nikague

Isiolo, 9 Machi 1979

Mdogo wangu Ado,

Salaam aleikum. Mvua bado, na bei ya mbuzi imeanguka mpaka mimi mnunuzi najiona tajiri.

Ile gari kubwa ya mwindaji nimekagua. Unajua kutoka hapa mpaka Moyale hakuna injini ya kunidanganya. Mzungu anauza kwa sababu uwindaji ulipigwa marufuku. Alinipa siku mbili za kujaribu, nikaenda nayo Biliqo kwa mama. Kwenye mchanga inapita kama ngamia aliyenusa maji. Viti ni vya ngozi, laini kuliko kitanda cha bwana D.O. wa serikali. Petroli inakunywa kama wageni wa arusi.

Kiti cha nyuma kinalaza mtu mzima bila kukunja miguu. Nilipima na mama, nikimpeleka hospitali. Macho yake hayaoni tena. Alipapasa mlango, akadhani umenunua, akaitisha maziwa akamwagia gurudumu, akaibariki kama ng'ombe mpya.

"Ado ndiye anaendesha?"

Dada yetu Gumato akajibu, "Ndiye, mama."

Basi mimi Hirbo, ninayeongea hata usingizini, niliendesha mpaka Isiolo bila kutoa neno asije akaijua sauti yangu, na yeye nyuma anakusalimia njia nzima. Daktari alisema tumrudishe nyumbani tu, hakuna dawa.

Gari ni nzuri, lakini usinunue. Panda basi yoyote uje. Mama anauliza kwa nini Ado hamjibu.

Ni mimi, dereva aliyeshika nafasi yako,
Hirbo