Bawaba kutoka Chiryu

Ohio, Novemba 1987

Kaka yangu mpendwa Yoshikazu,

Pokea salamu za mdogo wako, umgawie Mama fungu lake na Shemeji Fusae lake, kabla hujaketi kusoma. Hali zenu? Mgongo wa Mama umetulia, au baridi imeshauamsha? Na karakana inaendeleaje? Najua oda ya bawaba za milango kutoka kampuni yetu ya magari ndiyo inayoiweka hai. Mimi ni mzima, ukiacha uchovu. Theluji ya kwanza ilianguka juzi, na mwenye nyumba wangu bado analalamika kwamba supu yangu ya miso ya soya inanuka soksi.

Uliniuliza kama ni kweli yanayoandikwa na magazeti ya kwetu Japani, kwamba Mmarekani ni mvivu na ndiyo maana magari yetu yanayabwaga ya kwake. Kaka, mwaka wa pili huu nashinda nao kiwandani. Si wavivu hata kidogo. Magazeti ya huku nayo yanasema sisi ni mashine, hatucheki wala hatuchoki. Natamani mwandishi wao aje aione miguu yangu jioni.

Tofauti ipo, ila haipo mikononi. Unaijua ile kamba inayoning'inia juu ya kila mfanyakazi: akiona kasoro anaivuta, na kazi yote inasimama mpaka kasoro iondolewe. Kwetu anaivuta hata aliyeajiriwa jana. Hapa niliwaonyesha, wakatikisa vichwa kukubali, na miezi ikapita bila mtu kuigusa. Wengi wao walitoka kiwanda kimoja cha Kimarekani kilichofungwa, na huko kusimamisha kazi ilikuwa sawa na kujifukuzisha. Gari likikosa skrubu liliachwa liende, kwa kuwa mwisho kabisa palikuwa na uwanja mzima wa mafundi wa kurekebisha.

Verna Pruitt, mama mmoja anayefunga milango kwenye magari, mwenye ulimi kama wembe, aliniambia mumewe alikuwa fundi wa uwanja huo. "Kila nilipoboronga, mzee wangu alipata ovataimu," alisema. "Sasa wewe unataka nisiboronge. Tule nini?" Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka nao.

Basi nikawa naivuta mwenyewe, na kila nikiivuta nawashukuru walio karibu, kama tulivyozoeshwa. Wakanipachika jina la Bwana Asante. Hata dukani watoto wao huniita hivyo, na mimi huitika.

Mwezi uliopita, siku ya kawaida tu, kengele ikalia. Ni Verna, ameivuta kamba! Nilikimbia kwa furaha kama mtu anayewahi harusi. Nikamkuta kasimama mikono kiunoni, akasema mlango unagoma kukaa mahali pake, naye alianza kufunga milango kabla mimi sijajua kuendesha baiskeli. "Bawaba zenu zimelewa, Bwana Asante. Mimi msinisingizie." Nikaichukua bawaba, nikaigeuza. Nyuma ilikuwa na muhuri wa karakana yako.

Mkuki kwa nguruwe, Kaka. Watu wote wa sehemu ile walikuwa wananikodolea macho, wanangoja waone nitafanya nini. Nikainamisha kichwa, nikamwambia asante. Tulifungua sanduku zima. Matundu yalikuwa yamesogea kidogo sana, lakini mlango wa gari hausamehe kidogo.

Ndiyo sababu nilikupigia simu. Ulinijibu kwamba karakana hiyo haijatoa bawaba mbovu tangu enzi za Baba, na kwamba bila shaka meli iliyatikisa masanduku. Sikubishana nawe. Kesho yake Shemeji alinipigia huku analia. Alisema vile vigingi viwili vinavyoshikilia bati lisihame likitobolewa vimelika, nawe huoni kwamba vimelika kwa sababu macho yako yamechoka, na hutaki mtu mwingine akague. Tafadhali usimgombeze. Alinisihi nikushawishi upumzike. Ningekuambiaje? Mdogo hamwambii mkubwa wake kwamba nguvu zimemwishia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Yeni imepanda, vitu vya kwetu vimekuwa ghali huku, na kampuni inataka bawaba zitengenezwe hukuhuku. Karibu nasi kuna karakana ya familia, baba na binti zake wawili. Mkubwa wangu wa kazi, Bwana Hamajima, anajua wewe ni nani kwangu. Aliniita, akasema nikimwambia tukusubiri mpaka urekebishe, atasubiri, wala hataniuliza sababu. Uamuzi akaniachia mimi. Kisha akanimiminia chai kwa mkono wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Nimewachagua wao. Kuanzia mwaka mpya hutapata oda yetu tena.

Na bado sijamaliza. Bawaba zao za mwanzo zilikuwa mbovu kuliko zako. Mimi ndiye niliyekwenda kuwafundisha, kila Jumamosi, na nilichowafundisha ni vigingi vyako, mbinu uliyoibuni wewe ukanionyesha enzi zile ulipokuwa ukivumilia kelele za mashine kutwa kucha ili mimi nisome. Yule baba alipouona ujanja huo alipiga mluzi, akauliza ni nani mwenye akili namna hii. Nikamjibu kwamba ni mbinu ya kwetu. Jina lako sikulitaja. Kwa hiyo ukisikia Wamarekani wamekushinda, wamekushinda kwa akili yako mwenyewe, na aliyewapelekea ni mimi.

Utauliza kwa nini sikukusubiri. Kwa sababu nilikuwa nimewaambia watu hawa mwaka mzima kwamba kasoro ni kasoro, haijalishi ni ya nani, na wakaniamini. Kama ningeificha ya ndugu yangu, Verna asingeishika kamba ile tena maishani. Na kwa sababu sikuamini kwamba ungerekebisha, Kaka. Nisamehe kwa kulisema. Niliona ungeendelea kukaa peke yako na macho hayo, ukitia muhuri, mpaka mlango ufunguke barabarani na mtoto wa mtu aumie.

Taarifa ya kampuni itakufikia Desemba. Nimeomba itanguliwe na barua hii, usije ukaambiwa kwanza na mgeni.

Nimepata likizo ya mwaka mpya na nitakuja Chiryu. Ukiona hutaki kunitazama, acha lango limefungwa, nami nitarudi stesheni bila kubisha hodi. Lakini ukiliacha wazi, nina ombi moja. Oda ya mwisho usiitume kabla sijafika. Wewe endesha mashine, nami nikae kando yako nikague bawaba moja moja kwa macho yangu, ili zitakazofika mikononi mwa Verna ziwe na muhuri wako na asiwe na sababu ya kuniita.

Nisalimie Mama. Yeye mwambie oda imekatika kwa sababu ya yeni tu.

Mdogo wako, anayekuinamia kutoka mbali,

Hidenori