Sura ya Saba Imo

Alhamisi jioni, Nateete

Vidole vinaniuma kwa sindano, lakini sura ya saba imo!

Wiki iliyopita mpiga chapa alikubali kitabu chetu cha wanawake waliofukuzwa sokoni, ila si sura ya Mama Furaha, kwa sababu anamtaja askari aliyempiga. "Nyabo, mama, mimi niko na watoto," akaniambia. Simlaumu. Hata mimi naogopa. Ndiyo maana nilikwenda kumwomba Mama Furaha tufute jina la yule askari.

Aliacha kukunja vitenge vyake. "Jina yangu itabaki?"

"Litabaki."

"Yake ndiyo ifutwe? Kati yetu nani alikosa?"

Naona haya mpaka leo.

Vitabu vimeletwa asubuhi, kurasa zinaruka kutoka sitini hadi sitini na tisa. Tukaitoa sura fotokopi, jina la askari likiwemo, tukakaa wanawake sita kuishona ndani ya kitabu kimoja kimoja.

Nilikuwa nimenunua uzi mweupe, usionekane. Mama Furaha akausukuma kando, akatoa mwekundu kwenye mkoba wake.

"Wasomaji waone pahali walikata."