Yule Mama wa Mbololo

Dada Wakesho,

Huko Doha joto limepungua? Hapa Voi imenyesha, na mbuzi wa Mama amezaa mapacha kule Mbololo.

Bado naendesha kile kipindi cha redio cha kupiga soga na walimu wa falsafa. Jumamosi nilimuuliza Daktari Mghendi kama ni uongo kumficha msiba mtu anayesahau. Nikatoa mfano wa mama mmoja wa Mbololo ambaye kila jioni humwekea mumewe aliyefariki sahani ya kimanga cha chakula cha jioni, nao watoto humwambia kwa simu, "Baba ameenda soko la Mata kununua ndizi." Daktari akasema kumwambia ukweli kila siku ni kumfisha mumewe kila siku. Tulibishana kwa raha, hata tukacheka.

Jina sikulitaja. Kumbe jirani alimfungulia Mama redio ili asikie sauti yangu.

Leo nimeenda kumwona, mara ya kwanza tangu Pasaka. Kimanga cha Baba kilikuwa mezani, kimefunikwa. Mama akanishika mkono.

"Nilikusikia, mwanangu. Nilimhurumia sana yule mama. Kwani hana mtoto hata mmoja wa kukaa naye?"

Wewe ungesemaje, dada?

Nduguyo,
Mwakio