Kipa wa Wiki Sita

Jumamosi, Julai 26. Singida. Upepo unavuma tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Huu ni mwaka wa arobaini na tatu tangu niondoke Nachingwea nikiwa na sanduku la bati na barua ya kupangiwa kazi ya ubwana shamba. Nina hasira, na ninaiandika kabla haijapoa.

Mnaosoma ukurasa huu kwenye simu zenu mnajua kwamba kila Julai mimi huandika matarajio yangu kuhusu timu ya chuo chetu cha kilimo, kile kilichopo kati ya Nachingwea na Ruangwa, kabla ya mashindano ya vyuo ya Septemba. Wengi wenu mlisoma pale. Mwaka jana mmoja wenu aliniuliza kwa nini mzee aliyestaafu anaumia roho kwa ajili ya vijana asiowajua, katika uwanja asioufikia. Sikumjibu. Leo nitamjibu, ingawa si kwa namna niliyotaka.

Nianze na timu.

Mabeki wa kati ni wale wale na wamekomaa. Beki wa kushoto ana mbio, ila akishapitwa mara moja anachojua ni kumshika mwenzake jezi. Kiungo mkabaji anatoka Mbekenyera, na namna anavyonasa pasi utadhani mpinzani alimwandikia barua kumjulisha. Mbele hatukuwa na mtu. Misimu miwili tumeishi kwa kona na vichwa vya mabeki, na timu inayoishi kwa kona ni kama shamba linalosubiri umande.

Golini tulikuwa na Yustino.

Yustino ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtoto wa Mnero, kijiji cha dada yangu. Nimemwona kwenye simu tu. Katika video moja anatoka golini, anaita mpira wake mapema, 'Wangu!', anaudaka katikati ya msitu wa watu na kutua nao kimya kama mtu aliyechuma embe. Niliirudia video hiyo mpaka mke wangu akauliza kama ni ya harusi. Makipa wengi huruka vizuri. Wanaouita mpira mapema ni wachache, na mimi nilikuwa kipa, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Video hunitumia Kasiani, mtoto wa dada yangu. Yeye ndiye kocha. Kwetu sisi Wamwera mjomba ana neno zito kuliko baba. Mpwa haoi wala hauzi shamba bila kumwuliza. Kasiani ni mtu mzima mwenye wajukuu wawili, na bado hunipigia kuniuliza hata rangi ya jezi. Nilikuwa najivunia jambo hilo. Nilidhani ni heshima kwa ujuzi wangu.

Sasa lazima nieleze kambi, maana bila kambi hamtaelewa kilichoniudhi.

Timu yetu haijawahi kufanya maandalizi uwanjani tu. Kila Julai wachezaji wanakwenda Nandagala, na kila mchezaji anachukuliwa na kaya moja. Asubuhi anafyeka na kupalilia chini ya mikorosho ya kaya hiyo, ili Oktoba korosho zikidondoka zionekane. Kaya inamlisha. Jioni wanafanya mazoezi. Mwezi mzima. Septemba inapofika, kaya ile inakuja uwanjani na kukaa pamoja, na kila mtu anajua yupi ni mchezaji wao. Akikosea wanamfokea kama wanavyomfokea mtoto aliyeacha mbuzi waingie kwenye kunde. Akifunga, wamefunga wao.

Uwanja wenyewe ni sehemu ya ardhi iliyosafishwa na matrekta ya Waingereza walipokuja na mradi wao wa karanga. Vitabu vimeandikwa kuhusu mradi ule na nimevisoma vingi. Ardhi ile ilikataa karanga, ikakubali mpira. Reli waliing'oa wakaondoka nayo. Uwanja ulibaki kwa sababu watu waliufanya kuwa wao kwa njia hiyo, ya jembe na sahani.

Alhamisi alasiri Kasiani akapiga simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kambi inaendeleaje huko Nandagala?"

Akakohoa. Kasiani amekohoa kabla ya habari mbaya tangu akiwa mtoto.

"Mwaka huu hatukwenda Nandagala, mjomba. Vijana wako gesti hapa mjini. Wanalala vizuri, wanakula wali."

"Na chini ya mikorosho ya watu anafyeka nani?"

"Watu siku hizi wana dawa ya magugu."

"Dawa ya magugu itakaa uwanjani kuishangilia timu?"

Akacheka kidogo, kwa adabu. Nikamwambia anisomee kikosi. Akasoma kuanzia mbele kuja nyuma, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mshambuliaji simjui. Winga simjui. Alipofika golini alisoma haraka, kama mtoto anayesoma alama mbaya kwenye ripoti ya shule.

"Rudia. Huyo nani?"

"Kipa. Ametoka Dar. Mjomba, huyu dogo ni moto. Anaruka, utadhani paka."

"Yustino ameumia?"

"Hajaumia."

"Huyu paka wako anasoma nini hapo chuoni?"

"Kozi fupi. Ufugaji nyuki."

"Ya muda gani?"

"Wiki sita."

"Na mashindano yanachukua muda gani?"

Akakohoa tena. Upande wake ilipita bodaboda.

"Wiki sita, mjomba."

Ingekuwa timu ya watu wengine ningecheka.

Mtu wa namna hiyo, anayeandikishwa shule ili acheze tu, tunamwita mamluki. Aliyewahi kucheza mashindano ya shule nchi hii anamjua. Humwoni darasani, humwoni bwenini, unamwona kwenye orodha. Kasiani analeta watatu. Hawajawahi kushika jembe Nandagala, na hakuna kaya itakayosema huyu ni wetu. Yustino, aliyefyeka mikorosho mwaka jana hadi viganja vikatoka malengelenge, atakaa benchi akimtazama mfugaji nyuki.

Nilimfokea. Nilimwambia ameuza uwanja kwa sahani ya wali. Nilimwambia babu zake walifukuza nguruwe pori kwenye mashamba yale, na yeye amewafungulia geti. Nilitafuta maneno makali kwa Kiswahili yakaniishia, nikahamia Kimwera, ambacho sijakitumia kwa hasira tangu nioe huku. Mwisho nikasema neno ambalo mjomba halisemi hovyo.

"Nakataza. Yustino anakaa golini. Mimi mjomba wako nimekataza."

Kasiani akaniuliza kwa sauti ya upole, na upole huo sijausamehe hadi sasa.

"Mjomba, usikasirike. Ile mechi yako ya penalti. Kwenye ngao ya ubingwa, pale ukutani ukumbi wa chakula, kipa ameandikwa nani?"

Hapa ndipo ninapomjibu yule msomaji wa mwaka jana.

Mmesoma hapa, nadhani mara tatu, jinsi nilivyodaka penalti ya mwisho dhidi ya chuo cha upande wa Masasi. Niliandika kuhusu jua lililokuwa machoni mwa mpigaji, na hatua zake nne, na mguu wake wa kushoto uliomsaliti kabla hajaupiga mpira. Vyote ni kweli. Sikuandika kwamba siku ile sikuwa mwanafunzi.

Nilikuwa nimemaliza chuo Juni. Barua ya kwenda Singida ilikuwa mfukoni. Kocha wetu wa wakati ule akaniambia nibaki hadi fainali, nicheze kwa jina la Damasi.

Damasi alikuwa kipa wa mwaka wa kwanza, kutoka Mbekenyera. Alikuwa amefanya kambi nzima, kwenye kaya ya Mama Ottilia, kaya ile ile iliyonilisha mimi miaka miwili kabla yake. Hakuwa mbaya golini. Alikuwa mgeni tu, na kocha aliogopa.

Watu wa Nandagala walinijua kwa sura na kwa jina. Kwa hiyo siku mbili kabla ya fainali kocha alipita kaya kwa kaya na kuwaagiza: Jumamosi huyu anaitwa Damasi, asije mtu akakosea mbele ya mwamuzi.

Hakukosea hata mmoja. Watu wale walikuwa waaminifu mno. Nilipoudaka mpira, upande mzima wa uwanja uliita Damasi. Mama Ottilia alipiga vigelegele, akaita Damasi, akakimbia uwanjani na kunifunga kanga yake kiunoni huku akiendelea kuita Damasi. Na Damasi mwenyewe alikuwa nyuma ya goli langu. Alikuwa ameshika koti langu, kwa sababu nilimwambia anishikie.

Nilipogeuka kulichukua, alinipa. Alikuwa amelikunja vizuri.

Jumanne yake nikapanda basi. Sikumuaga. Damasi aliacha chuo kabla ya Krismasi, akarudi Mbekenyera kulima ufuta. Miaka yote nimejiambia kwamba alishindwa masomo.

"Sikujua kwamba unajua," nilimwambia Kasiani.

"Kila mtu anajua, mjomba. Wazee wa Nandagala bado wanacheka. Wanasema wewe ndiye mamluki wetu wa kwanza." Alilisema kwa mapenzi, kama mtu anayetaja mwanzilishi. "Mimi nilidhani utanielewa kuliko wote. Ndiyo maana sikukuficha."

Nyani haoni kundule, mtaniambia, na hamtakosea. Lakini hasira yangu haijaondoka, na sitaki kujifanya imeondoka. Alichofanya Kasiani ni kibaya. Ni kibaya hata kama nilikifanya mimi, na ninao ushahidi kuliko mtu yeyote, kwa kuwa niliona uso wa mtu aliyenipa koti. Kinachonichoma ni kwamba amejifunza kwangu. Miaka yote hii amekuwa akinipigia simu kuuliza ujuzi, na somo alilolishika ni hilo moja nililodhani nimelificha.

Nieleze pia kilichokuwa njiani, maana baadhi yenu mlishanipongeza. Nilikuwa narudi. Wamenialika kufungua mashindano Septemba 6, nikae kiti cha mbele, nitambulishwe kama kipa wa mwaka ule wa ngao. Baada ya mechi nisingerejea Singida. Mke wangu alikubali, jambo ambalo si dogo kwa Mnyaturu anayeiacha nchi yake uzeeni. Dada yangu amepaka chokaa chumba pale Mnero na kunitumia picha ya dirisha linalotazama kanisa. Tangu niondoke nimerudi mara mbili tu, zote kwa msiba, na mara zote mbili nilitafuta sababu ya kutofika uwanjani wala chuoni. Nilisema muda hautoshi. Sasa najua nilichokuwa naogopa kukisoma ukutani.

Kabla ya kukata simu nilimwambia Kasiani, "Kiti changu mpe Damasi."

"Tulimwalika kabla yako, mjomba. Alikataa."

"Alisemaje?"

"Aliendelea kupepeta ufuta tu. Damasi hajakanyaga uwanja huu tangu siku ile, wewe hujui? Akija mjini humwambia dereva wa bodaboda azungukie nyuma ya zahanati ili asipite pale. Madereva wote wanamjua. Ndiyo maana nauli yake ni kubwa kuliko ya wenzake."

Miaka arobaini na mitatu. Nimekuwa nikiihesabu hapa kila Julai kana kwamba ni mali yangu peke yangu. Damasi naye anayo yake, idadi ile ile, akiwa karibu kiasi cha kusikia filimbi upepo ukiwa mzuri.

Kwa hiyo matarajio yangu ni haya. Timu itafika fainali, na pengine itachukua kombe, kwa sababu kipa wa Dar ni mzuri kweli. Kasiani alinitumia video jana, akidhani itanilainisha. Anaruka kama alivyosema. Hauiti mpira wake. Watu watashangilia, ila sijui watakaa wapi, kwa kuwa hakuna kaya iliyo na mchezaji. Mwakani Nandagala watakumbuka kununua dawa ya magugu na watasahau tarehe ya mechi.

Yustino, kama unasoma hapa, kaa benchi lako na uendelee kusoma. Usimshikie mtu koti.

Damasi hasomi mambo haya ya kwenye simu, lakini ana wajukuu. Mmoja wao amsomee polepole. Penalti ile ilidakwa na mtu ambaye hakustahili kuwa golini. Ngao iliandika jina la mwenye goli, na jina hilo libaki hivyo hivyo. Ni langu ambalo halina haki ya kutajwa pale.

Nilitaka kumkataza mpwa wangu na sikuweza. Mjomba asiyeweza kukataza hana kazi kwao. Atakula, atasalimiwa, atapewa kiti. Siwezi kukaa kiti cha mbele kwenye uwanja ambao mwenye jina anauzunguka kwa bodaboda, wala siwezi kulala chini ya chokaa mpya ya dada yangu nikijua barabara ile yupo mtu anayeikwepa kwa sababu yangu.

Asubuhi hii nimempigia dada. Nimemwambia chumba ampe mwanafunzi wa chuo anayetafuta pa kukaa, kama yupo anayesoma kweli. Alilia kidogo, akauliza kama ni kwa sababu ya mpira. Nikamwambia ndiyo.

Sitarudi.